Ukuta Kati ya Nyanya na Mjukuu

Kila mwalimu aliyewasimulia wanafunzi habari za Oliver Twist anajua ni wapi darasa hunyamaza: pale mtoto anaponyanyua bakuli na kuomba aongezewe uji. Hapa Emali, hata hivyo, nimeulizwa zaidi ya mara moja swali ambalo vitabu vya mwongozo haviligusi. Je, mtoto huyo hakuwa na nyanya? Kwetu Ukambani yatima huenda kwa susu yake, na aghalabu huwa tayari amepewa jina la ukoo huohuo. Iweje taifa tajiri kama Uingereza limpeleke katika nyumba ya maskini?

Jibu la swali hili limo katika matofali. Dickens alianza kuichapisha hadithi yake mwaka 1837, miaka mitatu baada ya Bunge la Uingereza kupitisha sheria mpya ya maskini. Zamani fukara alipewa fedha kidogo au mkate na parokia yake, akabaki kwake. Sheria ya 1834 ilikusudia kuukomesha msaada huo wa nyumbani: anayetaka kusaidiwa na aingie ndani, na maisha ya ndani yawe magumu kuliko ya kibarua maskini kabisa aliye nje.

Nyumba iliyokuwa kielelezo cha mpango huo ingali imesimama katika mji mdogo wa Southwell, jimbo la Nottinghamshire. Ilijengwa mwaka 1824 kwa fikira za kasisi John Becher, na tangu 2002 wageni huruhusiwa kuizuru. Ukiitazama kutoka mbali waweza kudhani ni jumba la bwanyenye: orofa tatu za matofali mekundu na madirisha yaliyopangika. Ukiichungua ramani yake ndipo unapoona hila. Katikati ni makao ya msimamizi, na madirisha yake yanaangalia nyua zote. Mbawa moja ni ya wanaume, ya pili ya wanawake, watoto wana sehemu yao, na wenye nguvu wametengwa na walio dhaifu. Kila kundi lina mlango wake, ngazi yake na ua wake wenye ukuta. Mume na mke waliingia lango moja, kisha ramani ikawatenganisha. Mwaka 1847 sheria iliwaruhusu wazee waliopita umri wa miaka 60 kulala na wake zao, lakini ni nyumba chache zilizokuwa na vyumba vya kuwatosha. Huruma ilikuja baada ya fundi kumaliza kazi, na ukuta hausomi sheria.

Mwaka 1845 ilifichuka kwamba huko Andover waliopewa kazi ya kuponda mifupa walikuwa wakiitafuna kwa njaa. Mfumo wenyewe ulifutwa rasmi mwaka 1930. Nyumba nyingi ziligeuzwa hospitali, na wazee wa Kiingereza wakaendelea kuogopa kufia humo hata baada ya vibao vya milangoni kubadilishwa.

Tusijigambe, lakini. Nyanya naye ni asasi, na asasi huvunjika. Katika njaa kuu tunayoiita Ngomanisye, iliyoikumba nchi yetu wakati reli ilipokuwa ikipita hapa kuelekea Nairobi mwishoni mwa karne ya 19, ukoo ulishindwa kuwalisha watu wake. Karne moja baadaye ukaja Ukimwi, ukachukua kizazi cha katikati. Walibaki vikongwe wasio na wana, na watoto wasio na wazazi.

Ng'ambo ya mto Athi, huko Kitui, kuna jibu moja la msiba huo ninalowaomba walimu walipime kando ya ramani ya Southwell. Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti na daktari kutoka Marekani, alifungua makao ya watoto wenye virusi jijini Nairobi mwaka 1992. Baadaye baraza la wilaya ya Kitui likatoa ekari zipatazo 1,000, na mwaka 2006, mwaka aliofariki padre huyo, kikaanza Kijiji cha Nyumbani. Kipimo cha ujenzi humo ni familia: nyanya au babu mmoja na watoto wapatao kumi chini ya paa moja, wawe wajukuu wake wa damu au la. Nyumba hizo zimepangwa kwa vikundi, na shule imo humohumo. Mzee haingii kuhifadhiwa tu. Ana kazi na mamlaka, na kuna mtu wa kumkemea. Sisemi kijiji hicho ni pepo. Kinawategemea wafadhili, ingawa kimepanda miti ya mukau ili siku moja mbao zikilishe.

Nayasema haya kwa sababu katika kikao kimoja hapa Emali tuliletewa pendekezo la kujenga makao ya wazee. Nia ilikuwa njema. Mchoro ulionyesha wanaume upande huu, wanawake upande ule, ofisi ya msimamizi katikati, na ukuta kuzunguka. Sidhani mchoraji aliwahi kuisikia Southwell. Nilipouliza wajukuu watakaa wapi, niliambiwa kuna makao ya watoto.

Niliona afadhali fedha zimfuate mzee kwake. Zanzibar, yenye makao ya wazee ya Serikali huko Sebleni na Welezo, ilianza mwaka 2016 kuwalipa wenye miaka 70 na zaidi pensheni ya kila mwezi. Kenya nayo ilipanua mpango wa Inua Jamii mwaka 2018 ili kuwafikia wa umri huo, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni fedha haba, na mara nyingi huchelewa, lakini hazimtenganishi mtu na jiko lake. Na ikiwa ni lazima kujenga, basi mchoro uanze na jiko hilo.

Mama mmoja mzee, aliyekuwa kimya tangu kikao kuanza, alisimama akauliza kama chumba chake kitatosha mikeka minne, kwani analala na wajukuu watatu. Katibu aliandika swali lake, tukaendelea na ajenda ya maji.