Uchungu wa Kidole Gumba na Kifundo cha Mkono

Mama msomaji, je, unapomwinua mtoto au kukamua nguo, unasikia uchungu kama wa kisu penye shina la kidole gumba? Usiudharau. Mkono huo ndio unaolisha nyumba yako.

Ugonjwa huu ni nini?

Kidole gumba huvutwa na kano, yaani kamba ngumu za mwili. Kano mbili hupita pamoja katika ala nyembamba penye kifundo cha mkono. Kazi ile ile ikirudiwa kila siku, ala hunenepa, nafasi hupungua, na kano hukwama. Daktari Fritz de Quervain wa Uswisi aliueleza ugonjwa huu mwaka 1895. Basi si uchawi, wala hauambukizi.

Huwapata hasa mama wenye watoto wachanga. Tena watu wanaotwanga sombe, wanaolima, wanaochuma kahawa huku Butembo, au wanaopasua kakao huko Beni.

Jipime hivi

Kunja kidole gumba ndani ya kiganja, ufumbe ngumi. Inamisha mkono polepole upande wa kidole cha mwisho. Kisha pima mkono wa pili. Uchungu ukiwa mkali upande mmoja, yaelekea ni ugonjwa huu.

Ufanye nini?

1. Pumzisha mkono. Funga kifundo na kidole gumba kwa gango la katoni gumu lenye kitambaa laini, kwa majuma 4 hadi 6. Vidole vikifa ganzi au kuwa baridi, legeza.

2. Weka kitambaa cha maji baridi dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku.

3. Usimwinue mtoto kwa kumshika makwapani. Pitisha viganja chini ya matako na mgongo wake.

4. Usikamue nguo, zitundike zikichuruzika. Mpini mwembamba wa jembe uuzungushie kitambaa.

5. Parasetamoli hupunguza uchungu. Ibuprofeni hufaa pia, lakini mwenye mimba, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asiimeze bila kumwuliza mwuguzi.

Usikubali kuchanjwa kwa wembe. Ugonjwa hautoki kwa damu, bali pepopunda na usaha vyaweza kuingia.

Uende hospitali lini?

Nenda upesi kama mkono ni mwekundu, wa moto, nawe una homa. Au kama uchungu ulianza baada ya kuanguka, maana huenda mfupa umevunjika. Nenda pia kama majuma 6 yamepita bila nafuu. Daktari aweza kuchoma sindano ya kortizoni ndani ya ala, na wengi hupona. Wachache tu huhitaji kupasuliwa.

Nawe baba wa nyumba, sikiliza. Gango halimsaidii mama anayetwanga peke yake kila jioni. Shika mchi wewe, au mpe kijana wako. Majuma 6 ya msaada ni mafupi kuliko mwaka mzima wa mkono mgonjwa.