Risasi ya Karen

Wenyeji wa Rungwa, Tanzania, wamezoea kuona bunduki za wawindaji. Ukichungulia mtutu wa mojawapo, baada ya kuhakikisha haina risasi, utaona mifereji inayojipinda ndani yake. Mifereji hiyo huizungusha risasi ili isiyumbe njiani, na papo hapo huichubua. Idadi ya michubuko na upande inakopindia hutegemea kiwanda kilichotengeneza silaha.

Kesi iliyolionyesha jambo hili waziwazi ni ya mauaji ya Josslyn Hay. Alizaliwa mwaka 1901 katika ukoo wa malodi wa Uskoti, akaja Kenya mwaka 1924 na mkewe Idina, wakaishi bonde la Wanjohi kwa anasa iliyosimuliwa hadi London. Baba yake alipofariki mwaka 1928, akarithi cheo na kuwa Earl wa 22 wa Erroll. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza alivaa sare, akawa kapteni katika makao makuu ya jeshi Nairobi, na kazi hiyo aliimudu.

Alfajiri ya 24 Januari 1941 alikutwa amekufa ndani ya gari lake la Buick karibu na Karen, nje ya Nairobi, amepigwa risasi kichwani. Akashtakiwa Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe kijana, Diana, alikuwa mpenzi wa marehemu. Siku chache kabla, Broughton aliripoti kuibiwa bastola zake mbili za Colt. Polisi walichimbua risasi shambani Nanyuki, alikowahi kulenga shabaha, wakadai zinafanana na zilizomuua Erroll.

Wakili Harry Morris, aliyetoka Johannesburg, hakupoteza muda na habari za wivu. Aliwabana wataalamu wa serikali hasa kuhusu mifereji. Risasi za mauaji zilikuwa na michubuko mitano iliyopinda kulia. Mtutu wa Colt una mifereji sita, nayo hupinda kushoto. Kesi yote ilikuwa imeegemea Colt, na bastola yenyewe haikuwahi kupatikana. Julai 1941 juri ikamwachia Broughton huru.

Kwa ushahidi uliokuwepo, naona uamuzi ulikuwa wa haki. Kinachoniuma ni juri yenyewe, Wazungu watupu. Mwafrika aliyeshtakiwa kwa mauaji Kenya mwaka huohuo hakuwa na haki ya juri. Alisimama mbele ya jaji na wazee wa baraza, ambao maoni yao jaji aliweza kuyaweka kando. Na wakili wa kumhoji mtaalamu kuhusu mifereji ya mtutu angemtoa wapi?