Kemia ya Uhai, Sehemu ya Nne: Mafuta Yanapoliamuru Ini

Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa mbili za ugonjwa sugu unaoharibu mirija midogo ya nyongo ndani ya ini: elafibranor mwezi Juni na seladelpar mwezi Agosti. Wagonjwa wake wengi ni wanawake wa makamo, na wale ambao dawa ya zamani haikuwasaidia vya kutosha walikuwa na njia chache sana. Ni habari njema. Dawa zote mbili zinaamsha vipokezi vya PPAR, jamaa wa vile vipokezi vya ndani ya kiini cha seli tulivyovichambua katika sehemu zilizopita, vinavyoshika DNA na kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Lakini vipokezi hivi havikuwekwa mwilini vikingoja viwanda vya dawa. Miaka yote vimekuwa vikiitikia asidi za mafuta na mazao yake, yaani mafuta yaleyale tunayokula na kuyahifadhi. Hoja yangu leo ni kwamba mafuta ni amri kwa mwili kabla hayajawa kuni zake, na kwamba tumechelewa kulijua hilo kwa sababu tuliyadharau.

Dharau hiyo ina historia, na historia hiyo inastahili kusimuliwa kwa utulivu. Hadi miaka ya 1920 wataalamu wengi wa lishe waliamini kwamba mafuta ni chanzo cha nishati tu, na kwamba mwili unaweza kujitengenezea yote unayoyahitaji kutokana na sukari. George Burr na mkewe Mildred, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, waliamua kuipima imani hiyo. Waliwalisha panya chakula kilichosafishwa kwa ukali hata kisibaki na mafuta: sukari, protini ya maziwa iliyooshwa, chumvi na vitamini. Baada ya miezi kadhaa mikia ya panya ikawa na magamba, ncha zake zikaoza, manyoya yakapukutika, mkojo ukatoka na damu. Wakaacha kukua, kisha wakafa. Wenzao waliopewa mafuta kidogo tu walipona. Mwaka 1929 Burr na mkewe walitangaza kwamba wamegundua ugonjwa mpya wa upungufu, na mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba kinachoponya ni asidi ya linoleiki, ilhali mafuta magumu hayafui dafu. Asidi hiyo ndiyo iliyojaa katika mafuta ya alizeti yanayokamuliwa Singida na katika ufuta wa Lindi.

Wapinzani hawakukosekana, na pingamizi lao halikuwa la kipuuzi. Mwanakemia William Brown alijitolea kuishi miezi sita kwa chakula kisicho na mafuta. Ngozi yake haikuharibika, na hata maumivu ya kichwa yaliyokuwa yakimsumbua yalitoweka. Basi, wakasema, hayo ni mambo ya panya. Jibu lilikuwa kwamba mtu mzima ana akiba ya miezi mingi chini ya ngozi yake, na miezi sita haitoshi kuimaliza. Arild Hansen aliwageukia watoto wachanga, ambao hawana akiba hiyo, akaonyesha kwamba maziwa yasiyo na asidi ya linoleiki huwaletea ngozi kavu yenye vidonda, na kwamba asidi hiyo ikirudishwa ngozi hupona. Baadaye Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Sweden walionyesha jinsi mwili unavyozibadilisha na kuzikunja asidi za aina hii kuwa prostaglandini, vijumbe vyenye nguvu kubwa kwa kipimo kidogo sana. Pamoja na John Vane wa Uingereza walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita tangu mikia ile ya panya ioze. Taifa linalodai kila utafiti ulete faida kabla bajeti haijafungwa lisitarajie kuvuna mavuno ya namna hii.

Swali lilibaki: amri hizo zinasomewa wapi? Fununu ilitoka kwenye dawa. Katika miaka ya 1960 clofibrate ilitolewa kupunguza mafuta kwenye damu, na maini ya panya walioinywa yakavimba na kujaa peroksisomu, vifuko vidogo vinavyochoma mafuta. Mwaka 1990 Issemann na Green, wakiwa katika kampuni ya ICI nchini Uingereza, walikipata kipokezi kinachoitikia dawa za jamii hiyo. Miaka miwili baadaye maabara ya Walter Wahli kule Lausanne ilishiriki kuonyesha kwamba vipokezi hivyo ni vitatu, na mnyama aliyetoa ushahidi ni chura wa kusini mwa Afrika, Xenopus, yuleyule ambaye Lancelot Hogben alimchunguza Cape Town na ambaye baadaye alitumika ulimwenguni kupima mimba: jike akidungwa mkojo wa mjamzito, hutaga mayai katika muda wa saa chache. Mwaka 1995 zao moja la prostaglandini lilionekana likishika kipokezi cha PPAR kinachojenga seli za mafuta, na kufikia 1997 maabara kadhaa zilikuwa zimethibitisha kwamba asidi za mafuta zenyewe huingia katika kishimo cha vipokezi hivi.

Wapo wanaosema kwamba mshiko huo ni dhaifu mno, kwamba homoni ya kweli hushika kipokezi chake kwa nguvu mara nyingi zaidi. Ni kweli, lakini kazi si moja. Homoni ni chache mno katika damu, kwa hiyo kipokezi chake lazima kiwe makini. Mafuta ni mengi, na PPAR ni kama karani wa ghala: hahitaji kulikariri kila gunia, anahitaji kujua shehena imepanda au imeshuka. Kishimo chake ni kipana, kinapokea asidi za aina nyingi. Akishirikiana na kipokezi cha pili kinachoitikia zao la vitamini A, huwasha jeni za kuchoma mafuta. Mwaka 1999 panya walionyimwa PPAR ya ini waliachwa bila chakula. Wenzao wa kawaida walihimili. Wao sukari iliporomoka, miili ikapoa na maini yakajaa mafuta ambayo hayakuweza kuchomwa. Kuni zilikuwapo tele, amri ya kuziwasha ikakosekana.

Tukirudi kwenye dawa mpya, tuzipokee kwa shukrani na kwa tahadhari. Vipokezi hivi vimo katika ini, misuli, mishipa na seli za kinga, kwa hiyo anayevigusa hugusa mengi. Troglitazone, dawa ya kisukari ya jamii ya PPAR, iliingia sokoni Marekani mwaka 1997 na kuondolewa mwaka 2000 kwa kuwaharibu wagonjwa maini. Dada zake zilizobaki huongeza uzito na kujaza maji mwilini. Mwingine atasema basi tumeze vidonge vya mafuta ya samaki. Jaribio kubwa la VITAL la Marekani, lililotangazwa mwaka 2018, halikuonyesha kwamba vinapunguza kwa uhakika mashambulio makubwa ya moyo na kiharusi kwa watu wa kawaida. Mwili unasoma mlo mzima, siku baada ya siku. Anayewahubiria watu kwamba mafuta yote ni sumu anawapotosha, na anayewauzia tiba ya kila kitu ndani ya kopo anawaibia. Dagaa, karanga, ufuta na alizeti, kwa kiasi, na mafuta ya kukaangia yasirudiwe mara kwa mara: ushauri huu ni wa zamani, na sasa tunajua kipokezi kinachousikiliza. Sehemu ijayo itahusu jamaa wa karibu wa PPAR, kipokezi kinachopima kolesteroli.