Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sikudhani methali hiyo ingenihusu mimi, mwanaisimu, hadi usiku mmoja nyumbani kwangu Milimani, Nakuru, nilipoivuruga mipangilio ya tarakilishi yangu ya Linux.

Sikufadhaika. Faili za mipangilio, ambazo hukaa katika folda iitwayo /etc, nilikuwa nimezihifadhi kwa Git, programu aliyoiasisi Linus Torvalds mwaka wa 2005. Programu hiyo hutunza kila badiliko: nani kalifanya, lini, na kwa maelezo gani. Nikayarejesha yote, neno kwa neno.

Kumbe nilishangilia mapema. Git huyakumbuka maandishi. Haimkumbuki mwenye faili, wala nani aruhusiwa kuisoma. Faili ya maneno ya siri, iliyokuwa imefungwa, sasa ilikuwa wazi kwa kila mtumiaji! Dawa nimeipata katika etckeeper, programu ya Joey Hess, ambayo hushirikiana na Git, ikaziandika habari hizo kando na kuzirudisha pamoja na faili zake.

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, hili si la mafundi pekee. Orodha ya alama za mtihani isiyoonyesha nani kaiandika, lini, na nani aruhusiwa kuigusa, ni tarakimu tu, si ushahidi. Wachunguzi wa miswada ya tenzi twajua taabu ya nakala isiyo na jina la mnakili wala tarehe. Basi tulihifadhi neno pamoja na habari zake.