Mlandizi: Mji ulio jirani na mto, jirani na jiji

UKITOKA Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, ukapita Kimara, Mbezi na Kibaha Mailimoja, baada ya kiasi cha kilomita 60 kutoka katikati ya jiji utafika Mlandizi. Kwa abiria wa Morogoro na Dodoma, huu ni mji mdogo wa kupita tu. Lakini kwa mkazi wa Dar es Salaam anayefungua bomba asubuhi, huu ni mji anaoutegemea hata kama hajawahi kushuka pale.

Hapo ndipo ulipo mtambo wa maji wa Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959. Mto Ruvu huanzia katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ukashuka hadi tambarare za Pwani na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Njiani unachotwa na mitambo miwili mikubwa: Ruvu Juu wa Mlandizi na Ruvu Chini wa Bagamoyo. Baada ya upanuzi uliofanyika katika miaka ya 2010, uwezo wa Ruvu Juu ulipanda kutoka lita milioni 82 hadi lita milioni 196 kwa siku. Ruvu Chini nao ulifikishwa lita milioni 270.

Mlandizi ni mji wa Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani. Wenyeji wake, Wazaramo na Wakwere, siku hizi wamechanganyika na watu wa kila mkoa. Juu kwenye mchanga hulimwa mihogo, mikorosho na miembe. Bondeni kwenye udongo mzito hulimwa mpunga, mahindi na mboga. Mkulima wa hapa ana mambo mawili ambayo mwenzake wa mikoa ya mbali angeyatamani: mto ulio karibu na soko la mamilioni ya walaji lililo mwendo wa saa chache tu.

Swali ni kwa nini wengi wao wanauza mashamba.

Jiji linakuja

Jibu la kwanza liko wazi. Jiji linasogea. Barabara kati ya Kimara na Kibaha imepanuliwa. Reli ya kisasa, ambayo treni zake za abiria zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, ina kituo Ruvu. Bandari kavu ya Kwala, iliyo katika wilaya hiyohiyo, ilizinduliwa rasmi Julai 2025, na jirani yake limetengwa eneo la viwanda. Palipo na reli, bandari kavu na viwanda patakuwa na wapangaji, mama lishe, mafundi na maduka. Ekari iliyokuwa shamba la mihogo inakatwa viwanja.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mkulima amepata mteja wa ekari moja kwa shilingi milioni 12. Tuseme pia kwamba ekari hiyo, ikitegemea mvua peke yake, humwachia faida ya shilingi 300,000 kwa mwaka baada ya kutoa mbegu, dawa, vibarua na usafiri. Ingemchukua miaka 40 kuzipata hizo milioni 12. Nani atamlaumu akiuza?

Sasa tuseme ekari hiyohiyo ina maji ya uhakika, na mwenyewe analima bamia, nyanya au mchicha mara mbili kwa mwaka, kila msimu ukimwachia shilingi 800,000. Hiyo ni milioni 1.6 kwa mwaka. Milioni 12 zitapatikana ndani ya miaka saba na nusu, na shamba bado litakuwa lake.

Kwa haki, tuangalie na upande wa pili. Aliyeuza akiziweka fedha zake katika hati fungani za serikali, tuseme kwa riba ya asilimia 10, atapata milioni 1.2 kwa mwaka bila kushika jembe. Kuuza si ujinga iwapo fedha inakwenda mahali pa kuzaa. Hasara huja pale fedha ya shamba inapoishia kwenye harusi, deni na pikipiki. Msomaji aweke bei za kwake. Njia ya kufanya hesabu ni ileile.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba, kwa mkulima wa Mlandizi, maji ndiyo yanayoamua kama ekari ibaki au iuzwe.

Maji ni ya nani?

Mwishoni mwa mwaka 2021 mvua zilichelewa, kina cha Ruvu kikashuka na jiji likaingia kwenye mgawo wa maji. Mwaka 2022 hali hiyo ikajirudia. Viongozi walikwenda mtoni, na macho yakawageukia wakulima na wafugaji waliokuwa wakichepusha maji. Mkulima asiye na karatasi yoyote mkononi hana la kujibu siku hiyo.

Ni vizuri kujua ukubwa wa mambo. Wakati wa kiangazi mboga hutaka maji ya kiasi cha milimita 5 kwa siku, yaani lita 20,000 hivi kwa ekari. Ekari 100 za mboga basi hutumia lita milioni mbili, kiasi cha asilimia moja ya uwezo wa Ruvu Juu. Lakini wakimwagilia kwa kufurika, nusu ya maji ikapotea njiani, watachota lita milioni nne kupata mavuno yaleyale. Umwagiliaji wa matone hupunguza upotevu huo, na hupunguza pia gharama ya mafuta ya pampu.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayevuta maji ya mto kwa umwagiliaji awe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Kwa Ruvu hiyo ni Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake Morogoro. Kuchota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali. Aidha, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Bustani iliyo ndani ya mita hizo inaweza kuondolewa wakati wowote, hata kama ilirithiwa kwa babu.

Serikali ilisaini mwaka 2022 mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, Morogoro Vijijini, litakalohifadhi lita bilioni 190 ili mto usipungue wakati wa kiangazi. Hata hivyo, bwawa haligawi haki kwa asiyejiandikisha. Maji yakiwa mengi, mwenye kibali ndiye atakayehesabiwa kwanza.

La kufanya

Kwanza, wakulima wa bondeni waunde jumuiya ya watumia maji au ushirika na waombe kibali kwa pamoja. Ni rahisi kuliko kila mwenye pampu kusafiri peke yake. Pili, wapange zamu za kumwagilia kabla kiangazi hakijaanza. Tatu, wauze kwa mizani. Gunia la lumbesa, ambalo Wakala wa Vipimo unalipiga marufuku, humfanya mkulima atoe mazao ya ziada bila malipo, na hapo faida ya maji yote huishia kwa mchuuzi.

Nne, asiuze mtu ardhi kwa haraka. Ardhi ikiwa ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa nafasi ya kupata hati ya kimila. Ardhi ikiwa ya familia, mwenzi wake lazima aridhie. Na kabla ya kumjibu dalali, akae na daftari aandike: shamba limeniachia kiasi gani mwaka jana, na lingeniachia kiasi gani likiwa na maji?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jiji litaendelea kuja Mlandizi, na litahitaji maji na mboga vilevile. Mwenye kibali na hesabu zake mkononi atauza mboga kila msimu. Asiye navyo atauza mara moja tu.