Nafasi ya Mahakama katika Jamhuri Ndogo: Kisa cha Nauru

Makala haya yanachunguza jinsi muundo wa serikali unavyoathiri haki za binadamu katika Nauru, jamhuri ya kisiwa kimoja katika Bahari ya Pasifiki, yenye eneo la kilometa za mraba 21 na wakazi wapatao 12,000. Nchi hiyo, iliyopata uhuru tarehe 31 Januari 1968, haina mji mkuu rasmi. Bunge hukutana katika wilaya ya Yaren.

Rais hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Bunge, lenye wajumbe 19, humchagua miongoni mwao, naye huteua mawaziri wanne au watano kutoka humo humo. Wajumbe ni wachache kiasi kwamba wawili watatu wakihama upande, serikali yaweza kuanguka. Ikiwa imara, kwa upande mwingine, ndani ya Bunge hawabaki wengi wa kuihoji. Kimbilio la raia huwa mahakama.

Katiba imezitaja haki waziwazi: uhai, uhuru wa mtu binafsi, wa dhamiri, wa kujieleza na wa kukusanyika. Kwa maoni yetu, kasoro haimo katika maandishi hayo. Kisiwa kidogo hakina wanasheria wa kutosha. Majaji wengi hutoka nje, na mgeni huhitaji viza. Yafaa kukumbuka kwamba Katiba inadai theluthi mbili za wabunge ili kumwondoa jaji, tena kwa kosa lililothibitishwa. Hata hivyo, Januari 2014 hakimu Peter Law, raia wa Australia, alifukuzwa nchini. Jaji Mkuu Geoffrey Eames alitoa amri ya kuzuia jambo hilo, naye akafutiwa viza akiwa ng'ambo. Alijiuzulu Machi mwaka huo.

Ilibaki njia ya rufani. Kwa mkataba wa 1976, baadhi ya kesi za Nauru ziliweza kufikishwa katika Mahakama Kuu ya Australia. Mwaka 2017 mahakama hiyo ilikubali rufani ya washtakiwa watatu wa maandamano yaliyofanyika nje ya Bunge Juni 2015, ambao vifungo vyao vilikuwa vimeongezwa. Machi 2018 mkataba ulikoma kwa hatua ya serikali ya Nauru. Mahakama ya Rufani ya nchi yenyewe iliundwa baadaye mwaka huohuo. Katikati yake, aliyehukumiwa hakuwa na pa kukata rufani.