Kufurika au Kupitwa? Juu ya Data Ipoteayo katika Mlango wa Siriali

Kitenzi furika humaanisha kujaa hadi kumwagika. Mto hufurika, ndoo hufurika. Kilichotangulia hubaki ndani, kinachozidi ndicho kimwagikacho. Wengi wetu tumekitumia kueleza hitilafu ya kompyuta ya zamani inayopoteza herufi zinazopokelewa kwa kebo ya siriali. Nami nilikitumia, hadi siku nilipohamisha orodha ya maneno ya utafiti kwenda kompyuta kuukuu: ndoa ikafika ikiwa doa, chungwa likafika likiwa chunga. Kikagua tahajia hakingenasa makosa hayo, kwani yote ni maneno sahihi.

Kwa kuwa nilikwisha kuliita tatizo “kufurika”, nilifanya liagizwalo na neno: niliongeza ukubwa wa bafa. Hakuna kilichobadilika.

Chipu ya 8250, iliyotumika katika IBM PC ya mwaka 1981, huhifadhi herufi 1 tu iliyokwisha kupokelewa. Kichakataji kisipoichukua kabla inayofuata haijakamilika, ya pili huandikwa juu ya ya kwanza. Apoteaye si mgeni aliyekosa nafasi, bali mwenyeji aliyekuwamo. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, herufi ya biti 10 (nikihesabu biti ya kuanzia na ya kumalizia) huchukua takribani milisekunde 1. Kwa kasi ya 115,200, mikrosekunde 87 hivi. Kichakataji kikiahirisha miito ya chipu kwa muda uzidio huo, tuseme kwa sababu kinahudumia diski, kimekwisha kupitwa. Hilo ndilo neno ninalolipendekeza: kichakataji kimepitwa na data, kama msafiri apitwavyo na basi.

Kufurika kuna mahali pake. Dereva ya mlango ikisoma herufi kwa wakati, lakini programu ikachelewa kuzichukua, bafa iliyomo katika kumbukumbu hujaa na zijazo hukosa nafasi. Hapo bafa kubwa husaidia, na udhibiti wa mtiririko kwa nyaya za RTS na CTS husaidia zaidi, mradi kebo iwe na nyaya hizo. Lakini katika chipu hizi za zamani ni dereva yenyewe inayoshusha ishara ya RTS. Kichakataji kilichopitwa hakina nafasi ya kuishusha. Kwa hiyo udhibiti huo hauponyi kupitwa.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Katika Linux, faili /proc/tty/driver/serial huonyesha hesabu ya “oe” pale chipu inaporipoti kupitwa. Ukiona “fe” badala yake, shuku kwanza kasi za pande mbili kutolingana. Hilo ni jambo jingine kabisa.

Dawa ya kupitwa ni kupunguza kasi, au kutumia chipu ya 16550A, yenye foleni ya herufi 16. (16550 ya awali, isiyo na A, foleni yake ilikuwa na kasoro.) Foleni ikiwekwa kumwita kichakataji baada ya herufi 14, hubaki nafasi 2 tu, ikiwekwa 8, kichakataji hupata muda zaidi, ingawa huitwa mara nyingi zaidi. Kwa kuwa yangu ilikuwa chipu ya nafasi 1, nilishusha kasi hadi 9,600 na kuituma orodha upya, nikailinganisha na ya awali neno kwa neno.